Mtoto Huyu Hafungi, Anajificha: maneno kwa wazazi kabla ya Ramadhani

Haya, kuhusu maradhi ya ulaji, niliyasema katika kikao cha wazazi, skulini, hapa Chake Chake, siku za mwisho za Shaabani. Mvua iliwazuia wengi, na waliokosa wameomba wayapate kwa maandishi. Nimeyaacha kama yalivyotoka.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, kinamama, walimu, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na madirisha. Pale mlangoni mzee mmoja kaniuliza, "Leo unatuletea sukari au presha?" Nikamwambia si sukari wala presha, hayo mmeshaambiwa mpaka mmechoka. Leo namzungumzia mtu aliyewekewa chakula, kimepikwa kikapikika, kinanukia, naye hawezi kukila. Namzungumzia na mwengine anayekila chote kisha akenda chooni akakitoa. Na mwengine akianza hawezi kuacha. Mzee akacheka, akaniambia, "Mwanangu, hayo ya Wazungu."

Naomba nianzie hapo hapo kwenye ya Wazungu.

Nimekuwa muuguzi wa maradhi ya akili kwa miaka mingi, Unguja na hapa Pemba. Nitakusimulieni kisa cha binti mmoja. Jina lake silitaji, mtaa wake siutaji, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili asitambulikane. Alikuwa na miaka 16, hodari wa masomo, mtoto ambaye kila mama hapa angemtamani. Ramadhani ikaingia, akafunga. Adhana ya magharibi ikilia anachukua tende moja na maji, anakwenda kuswali, akirudi mkekani anasema ameshiba. Daku haamki. Mama yake akafurahi kwamba mtoto kashika dini. Ikaja Idi, akafunga sita. Sita zikesha, akashika Jumatatu na Alhamisi. Mara ikaongezeka Jumanne. Mtaa mzima ukamsifu. Bibi yake, ambaye hajui kusoma wala kuandika, ndiye peke yake aliyesema neno. Alisema, "Mtoto huyu hafungi. Mtoto huyu anajificha."

Nani alimsikiliza bibi? Hakuna.

Baibui linasitiri, na hilo ndilo jema lake, lakini linasitiri na mifupa ya mabega. Akaanza kuvaa sweta ndani ya kaskazi, wakati sisi wengine tunajipepea kwa vipepeo. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Mikononi mwake vikaota vinyweleo laini kama vya mtoto mchanga. Mwili ukikosa mafuta hutafuta namna ya kujifunika. Na kinamama, naomba nikuulizeni jambo, na wanaume mtanisamehe: binti aliyebaleghe anafungaje siku 30 bila ya kuwa na hata siku moja ya kulipa, na nyumba nzima isijiulize? Hedhi ilikuwa imeshakatika miezi minne. Kila mtu alihesabu funga zake, na hakuna aliyehesabu hilo.

Wakampeleka kwa mganga, wakaambiwa pepo wa bahari. Akanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa. Akapelekwa kituo cha afya, akapewa dawa za vidonda vya tumbo, akazila miezi mitatu. Simlaumu aliyempa, maana na mie nilikutana naye mwanzo wa safari hiyo, kwenye shughuli ya mtu, nikamshika mkono nikamwambia, "Kula mwanangu, unakonda." Kisha nikaendelea na pilau yangu. Mie, niliyesomea kazi hii.

Maradhi yake yanaitwa anoreksia. Si mapya na hayakuletwa na simu. Daktari William Gull wa London na mwenzake Charles Lasègue wa Paris waliyaeleza mwaka 1873, kabla hapajakuwa na sinema duniani. Mgonjwa hupunguza chakula mpaka uzito unashuka chini ya kile ambacho mwili unahitaji, na kila akipungua anaona bado. Ukimwambia amekonda, haamini. Wengi wana khofu kubwa ya kunenepa, lakini si wote, na hili lisikilizeni vyema. Ghana walipimwa wanafunzi wa kike 668 wa sekondari, utafiti ukachapishwa mwaka 2004. Walikutikana wasichana 10 waliojikondesha kwa kujinyima. Hawakuzungumza habari ya unene wala urembo. Walizungumza habari ya funga, ya kujizuia, ya kuwa watu wema. Hao si Wazungu, mzee wangu. Hao ni watoto wa Afrika kama wetu, na mlango walioingilia ni ule ule alioingilia binti niliyekusimulieni.

Sasa asitoke mtu hapa akasema nimekuja kupinga funga. Mie mwenyewe nafunga, namshukuru Mungu. Mola wetu amesema katika Suratul Baqara kwamba aliye mgonjwa au safarini atimize hisabu katika siku nyengine. Ruhusa hiyo imo ndani ya aya zile zile za kufaradhisha funga, haikuandikwa pembeni. Na mnakijua kisa cha sahaba Abdallah bin Amr bin Al-Aas, aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha. Mtume, rehma na amani zimshukie, alimwita akamwambia afunge na afungue, asimame na alale, kwani mwili wake una haki juu yake. Tazameni, hakumsifu kwa kuzidisha. Alimwita akamuuliza. Sisi tulimsifu binti yetu, na hatukumuuliza.

Wapo wanaosema mtoto huyo anaringa, mkazie, akishikwa na njaa atakula. Nami nasema haringi. Mwaka 1944, vita vya dunia vikiendelea, wataalamu wa Minnesota kule Marekani chini ya Ancel Keys walichukua vijana wa kiume 36, wazima wa mwili na akili, waliojitolea wenyewe. Kwa miezi sita wakawapa takriban nusu ya chakula chao. Walikuwa wanaume pekee, hapana aliyetaka kuwa mwembamba. Wakapoteza robo ya uzito. Lakini tazameni akili zilivyokuwa. Wakawa wanaota chakula. Wakakusanya vitabu vya mapishi. Wakalamba sahani. Wakakaa saa nzima na sahani moja, wakikatakata na kuchanganya. Wakawa wanaona baridi, hawataki mtu, wanalia ovyo. Mmoja alijikata vidole kwa shoka, na baadae mwenyewe hakujua kama alikusudia. Na waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula wasiweze kujizuia.

Njaa yenyewe inaigeuza akili. Ndiyo maana binti yule alikuwa anapenda kupika! Mkate wa kumimina, vitumbua, biskuti za Idi, zote alipika yeye, akawalisha wadogo zake, akawakodolea macho wanavyotafuna. Mama akasema, "Mtoto asiyetaka chakula atapendaje jiko?" Ndivyo maradhi yalivyo. Kwa hiyo "kula tu" haimsaidii, kama vile "pumua tu" isivyomsaidia mwenye pumu. Na mtu asiyafanyie mzaha. Katika maradhi ya akili, haya ni miongoni mwa yanayoua zaidi, kwa moyo kusimama na kwa watu kujiua.

Kisa cha pili kifupi, lakini kinamhusu mtu ambaye mnaweza kuwa mmekaa naye ubavuni sasa hivi.

Huyu alikuwa bi harusi. Miezi mitatu kabla ya siku yake, gauni limeshashonwa kwa kipimo. Asubuhi maji moto na ndimu, mchana hali, jioni tumbo linamshinda anakula boflo mbili, urojo, kaimati zilizobaki, wali wa jana, amesimama jikoni taa imezimwa. Kisha roho inamsuta, anakwenda msalani, anafungua bomba lisikike maji, anajitapisha. Usiku anakunywa sanamaki aharishe. Kesho anaapa hatorudia. Keshokutwa anarudia. Na huyu hakukonda! Uzito wake wa kawaida, uso umejaa, watu wanasema mashaallah. Maradhi yake ni bulimia. Jina hilo lilitolewa na daktari Gerald Russell wa London mwaka 1979, na wengi wanaoumwa huwezi kuwatambua kwa kuwatazama.

Aliyemgundua hakuwa mama, wala somo, kungwi wake aliyemsinga, wala mume. Alikuwa tabibu wa meno. Asidi ya tumbo ilikuwa imeyala meno yake ya mbele kwa upande wa ndani. Nyinyi tazameni na mashavu yaliyovimba chini ya masikio kama ya mwenye matubwitubwi, na sugu kwenye vifundo vya vidole panapokwaruzwa na meno.

Kuhusu sanamaki, maana najua imo katika makabati ya nyumba nyingi hapa. Ni dawa ya choo, na mtu aliyefunga choo siku mbili tatu inamsaidia. Lakini haiondoi unene. Chakula kinapofika pale sanamaki inapofanya kazi, mwili umeshachukua chake. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, ikiwemo potasiamu, na moyo unaipigia hesabu potasiamu hiyo katika kila pigo. Ukitapika na ukaharisha, mara kwa mara, moyo unaweza kukosa mapigo ukasimama. Msichana wa miaka 20 anaanguka bafuni, na matanga yakikaa watu wanasema ni kijicho cha harusi.

Aibu ndiyo inayoyafuga maradhi haya. Diana, aliyekuwa mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, aliyasema mwenyewe kwenye televisheni mwaka 1995, baada ya kuishi nayo miaka kimya kimya. Ikiwa yule, mwenye kila tabibu wa mjini kwao, alinyamaza miaka, mkeo je?

Wanaume mmenyamaza, mnaona hayawahusu. Nilimjua baba wa watu, mwalimu, aliyefiwa na mkewe. Kila usiku watoto wakilala alikuwa anakula peke yake, haraka haraka, bila ya njaa, mpaka tumbo linauma, kisha analia. Hatapiki, hafungi, hajinyimi. Hayo nayo ni maradhi, ulaji wa kupindukia, na madaktari wa Marekani waliyaandika kuwa maradhi kamili yanayojitegemea mwaka 2013. Sisi tulimwita mlafi. Yeye alikuja kutibiwa presha, na kama nisingemuuliza anakula na nani, asingesema.

Haya, na simu je? Sikusema simu haina makosa. Fiji ni visiwa, kama sisi, na wenyewe walikuwa kama bibi zetu, mtu mnene ndiye aliyetunzwa, ukikonda jamaa wanaingiwa na wasiwasi. Mwaka 1995 televisheni ikaingia katika wilaya moja ya huko. Mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa skuli mwaka ule, na hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 akauliza tena, na asilimia 11.3 wakasema wanafanya hivyo. Miaka mitatu tu! Na ile ilikuwa televisheni tu. Zanzibar tulikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini ile haikumfuata mtu kitandani ikamuonesha viuno mpaka saa nane za usiku.

Lakini kabla hamjaenda kuzivunja simu za watoto, hebu tujisikilize na sisi tunavyoamkiana. "He! Umenona, unakula nini?" "Mbona umekwisha hivyo, mume hakupi?" "Mdogo wako kakushinda kwa umbo." Tunasema mbele ya watu, tunacheka, tunaona ni mapenzi. Binti yule aliniambia mwanzo wake ulikuwa neno la ami yake mmoja siku ya Idi. Neno lenyewe silisemi. Ami mwenyewe hata halikumbuki.

Sasa tiba. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapokata tamaa.

Dawa ya mwanzo ya aliyejinyima ni chakula. Lakini si sinia la biriani siku moja! Mwili uliokaa na njaa wiki nyingi, ukiujaza kwa ghafla, chumvi za damu, hasa fosfati, huporomoka, na mtu anaweza kufa akiwa anakula. Mateka wengi walikufa hivyo baada ya vita vile vile nilivyovitaja. Kwa hiyo aliyekonda sana, anayezimia, anayehisi moyo kwenda polepole mno au ovyo, anayetapika kila siku, au anayesema hataki kuishi, huyo ni wa hospitali leo, si wa Jumatatu. Chake, Wete au Mkoani, popote palipo karibu. Apimwe damu, apimwe moyo, aanzishiwe chakula kidogo kidogo kwa kuangaliwa. Unguja ipo hospitali ya Kidongo Chekundu, na najua jina hilo likitajwa watu wanatazamana. Msitazamane. Kwenda kule si kuwa mwendawazimu.

Halafu anarudi nyumbani, na nyumbani ndipo penye kazi. Kwa watoto na vijana, tiba iliyothibitika zaidi ilianzia hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980, na yule yule Russell alikuwemo. Msingi wake sisi tunaujua bila ya kufundishwa: wazazi ndio wanaoshika sahani. Kwa muda, mtoto haulizwi atakula nini wala kiasi gani. Halaumiwi, na wazazi hawalaumiwi. Adui ni maradhi. Uzito ukirudi, anarudishiwa mamlaka yake kidogo kidogo. Ni kazi ya miezi sita mpaka mwaka.

Binti yule, baba yake alikuwa dago, kambini kwa wavuvi. Akaitwa, akarudi, akaacha kuvua msimu mzima. Jamaa walichangia, maana nyumba ilikuwa haina kipato chengine. Siku ya kwanza, wali na mchuzi wa changu ulichukua saa mbili. Mtoto alilia, akamwaga mchuzi, akamwambia baba yake kwamba yeye ndiye adui yake. Nilikuwepo, nikadhani atampiga. Hakumpiga, hakupaza sauti. Alisimama, akachota sahani nyengine, akakaa pale pale, akasema, "Niko, mwanangu. Sina pa kwenda." Bibi akawa anatega vitendawili mpaka sahani inakwisha, kisha wanakaa naye saa nzima asiende msalani peke yake. Mara tano kwa siku, kila siku. Mwezi wa tano hedhi ikarudi. Mitihani ilipokaribia akaanza tena kuficha chakula ndani ya kanga, wakaanza tena mkekani. Sikusema ni rahisi.

Kwa bulimia na kwa ule ulaji wa usiku, tiba kubwa ni mazungumzo, na si mazungumzo ya kupewa mawaidha. Mtu anakaa na mtaalamu mara moja kwa wiki, kama wiki 20. Anaandika alichokula, saa ngapi, na moyo ulikuwa vipi. Anajifunza kula kwa wakati, asubuhi, mchana na usiku, maana anayejinyima mchana ndiye anayepasua sufuria usiku. Bi harusi wetu alishangaa kuambiwa kwamba dawa ya kuacha kula ovyo ni kula chai asubuhi. Ipo na dawa ya vidonge, fluoksetini, inayowasaidia baadhi ya wenye bulimia, na daktari ndiye anayeitoa. Kwa anoreksia, hakuna kidonge kilichothibitika kuiponya. Anayekuuzia, anakuibia. Na kombe? Ukitaka kumsomea mwanao, msomee, mie na mwanangu nitamsomea. Ila asiache hospitali.

Wanapona? Wengi wanapona. Wenye anoreksia, kama nusu wanapona kabisa, wengine wanapata nafuu, na wapo wanaobaki nayo. Waliowahiwa mapema ndio wenye bahati zaidi.

Ramadhani ni wiki ijayo, na haya ndiyo niliyoyafuata. Aliye na maradhi haya, au aliyekuwa nayo mwaka jana, asifunge kabla ya daktari kusema, na masuala ya kulipa na fidya muulizeni sheikh wenu, si mie. Msimfiche chumbani akala kama mwizi. Akila mchana na ale na mtu, bibi yupo, wadogo wapo. Magharibi kila mtu akae mkekani mpaka mwisho, asiyekula tumuone. Daku waamsheni wote. Na binti akikwambia kwamba siku zake zimeingia, hafungi, usimfanye aibu. Huyo mwili wake unafanya kazi.

Mwalimu mkuu ananionesha saa. Nimemaliza. Nitakaa pale chini ya mwembe mpaka magharibi, na anayetaka kusema nami aje, peke yake au na mtu wake. Hata yule mzee wa mlangoni, maana nimemuona alivyoinama tangu nilipomtaja bibi.

Kahawa ipo, na halua imeletwa kutoka Wete. Mle. Na tafadhali, pale kwenye sinia, asitokee mtu akamwambia mwenziwe kwamba atanenepa.